Mpishi wa Udongo

Mama mdogo wangu anapika udongo. Sitanii. Anauweka motoni, anaufunika, anausubiri uive, kisha anauepua.

Anatumia pipa la chuma lililokatwa nusu. Chini kuna maji, juu ya maji kuna wavu, juu ya wavu kuna gunia la udongo, na juu ya vyote kuna kipande cha bati cha kuzuia mvuke usitoroke. Katikati ya udongo anafukia kiazi. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Nilipohamia kwake ili niwe karibu na shule, kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kukifukua kile kiazi na kukichoma kijiti. Kijiti kikiingia bila ubishi, moto unazimwa, udongo unamwagwa juu ya meza safi upoe, na kiazi kinamenywa na kuliwa na mimi. Kina harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Nimekizoea.

"Leo mboga gani, mpishi?" watu walimuuliza wakipita na majembe yao.

"Mchanganyiko. Mchanga na samadi."

"Usisahau kitunguu!"

Alicheka nao. Jina la Mpishi wa Udongo alilipokea kama mtu anavyopokea mzigo mwepesi, bila kuuliza umetoka wapi. Mimi ndiye niliyekunja uso, maana niliona wanaouliza wanacheka kwa jino la pembeni.

Hapo palikuwa kwenye mashamba ya chama, bondeni. Chama kina wanachama wenye vipande vyao vya mboga, na vitu vitatu vya wote: bomba la maji, ghala, na trekta dogo la mkono, lile la kutembea nyuma yake huku umelishika mikono kama toroli. Mama mdogo hakuwa na kipande. Alipewa kona kando ya bomba aoteshe miche ya nyanya, pilipili na biringanya, na wanachama wakawa wananunua miche kwake. Kona hiyo ndiyo iliyotulisha. Nayasema haya mapema ili mjue walichomnyang'anya.

Siku za mwanzo nilimuuliza, kwa nini kuupika? Udongo si udongo tu?

Hakunijibu kwa mdomo. Alinipeleka kwenye kipande kimoja mle bondeni, akaomba ruhusa kwa mwenyewe, akang'oa mnyanya mmoja uliodumaa. Akausuuza kwenye ndoo. Nikatoa macho. Mizizi haikuwa mizizi. Ilikuwa kama shanga zilizotungwa na mtu mlevi, vifundo vikubwa kwa vidogo, vimevimba na kushikana.

"Ndani ya hivyo kuna minyoo," alisema. "Minyoo fundo. Usiitafute kwa macho, hutaiona, ni midogo kuliko ncha ya sindano. Inaingia kwenye mzizi, inakaa, inakula, mzizi unavimba. Mmea unakunywa maji lakini hayapandi juu. Mchana unanyauka, mwenye shamba anaongeza maji, anadhani ni kiu."

"Lakini maharage nayo yana vifundo, na mwalimu alisema vile ni vizuri."

"Vya maharage vikwangue kwa kucha. Vinabanduka, vimeshikilia kwa pembeni tu. Hivi vikwangue."

Nilikwangua. Havikubanduka. Ulikuwa ni mzizi wenyewe uliovimba. Nilihisi mgongo unanisisimka, siyo kwa woga, kwa mshangao tu kwamba kuna vita chini ya miguu yetu na sisi tunapita juu tukiimba.

Haya yote aliyajua kutoka shamba kubwa la maua alikofanya kazi kabla halijafungwa. Huko, alisema, hukuingia kitaluni kabla hujakanyaga beseni la dawa, hata ungekuwa tajiri wa shamba. Minyoo hiyo haina miguu ya kwenda mbali. Inabebwa. Inapanda kwenye jembe, kwenye soli ya kiatu, kwenye gurudumu, inashukia shamba la jirani kama abiria. Ndiyo maana penye mlango wa kona yake palikuwa na ndoo ya maji ya sabuni na brashi, na kila aliyekuja kuchukua miche alisikia neno hilo hilo.

"Viatu, tafadhali."

Wengine waliosha huku wakitania. Mwenyekiti wa chama hakuosha hata siku moja. Alisimama nje ya kamba na kunyoosha mkono apewe miche kama mtu anayepokea zawadi.

"Mimi si mgonjwa," alisema.

"Hata kiatu chako si kigonjwa, Mwenyekiti. Kimebeba tu."

"Dada, umetuona wachafu siku nyingi."

Na trekta? Trekta halikuoshwa kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Mwenyekiti, na aliitoa kwa nia njema, lazima niseme hivyo hata kama inaniuma. Zamani chama kilikuwa na trekta jingine. Waliliosha, wakaliacha na maji, visu vyake vikaliwa na kutu hadi vikakatika. Tangu hapo akawa anasema, "Udongo ndio nguo ya trekta." Likitoka shamba la huyu linakwenda shamba la yule na matope yake yamegandia kwenye visu kama keki, na jioni fundi analipaka oili chafu juu ya hayo hayo matope. Fundi wa trekta ni mzee mpole anayependa mashine kuliko maneno. Aliambiwa asioshe, hakuosha.

Mama mdogo alilisema hilo kwenye vikao mpaka wakamchoka. Akaambiwa apike udongo wake, trekta awaachie wenye trekta.

Kisha ukaja msimu ambao nyanya za bondeni ziligoma. Siyo kipande kimoja, karibu vyote. Mimea ilikaa kimo cha goti, ikageuka njano, ikalala mchana na kuamka jioni, halafu siku moja haikuamka. Watu waling'oa, wakaona vifundo. Wenye macho ya kuona wangejiuliza kitu gani kimepita kwenye vipande vyote hivyo. Wakajiuliza, kweli, na jibu lao likawa: miche. Miche yote imetoka kwa Mpishi wa Udongo.

Kikao kilifanyika ghalani. Nilikuwa nimeketi mlangoni na sare yangu ya shule. Mwenyekiti aliweka mnyanya uliong'olewa juu ya meza, mizizi ikitazama watu.

"Huyu mtoto wa nani?" aliuliza, na ghala zima likacheka.

"Miche niliwapa ikiwa safi," alisema mama mdogo. "Kila mmoja wenu aliitazama mizizi yake kabla ya kuichukua. Nani aliona kifundo?"

"Si umesema mwenyewe haionekani?"

"Mnyoo hauonekani. Kifundo kinaonekana."

"Maneno hayo. Sisi tunaona nyanya zimekufa."

Akasimama. Sijawahi kumwona amesimama vile, mikono imening'inia tu, yeye ambaye mikono yake haikai bure.

"Basi tupime. Leteni makopo. Tuchukue udongo wa mashamba yenu, na wa kwangu uliopikwa, na ule uliogandia kwenye trekta. Tupande matango. Mbegu zitoke kwa Mwenyekiti, maana zangu mtasema nimezifanyia kitu. Makopo yakae hapa hapa dirishani, kila mtu ayaone. Tango halijui kuficha. Likiota kwenye udongo wenye minyoo, mizizi itasema."

"Na ikisema wewe?"

"Nitaiacha kona."

Aliahidi hivyo kwa sababu alijua udongo wake.

Makopo yaliletwa, yakatobolewa chini kwa msumari. Mwenyekiti akasema atayajaza mwenyewe, asije mtu akasema kuna mchezo. Akachukua kijiko cha bustani, kile cha kupandia miche. Akachota udongo wa shamba la kwanza, akajaza kopo. Akachota wa shamba la pili. Kijiko kile kile, kikiwa na matope ya kule kilikotoka. Akaenda hivyo mstari mzima, akakwangua visu vya trekta kwa kijiko hicho hicho, akajaza kopo la trekta. Likabaki kopo la mwisho, la udongo uliopikwa.

"Mwenyekiti," alisema mama mdogo taratibu, "osha kijiko kwanza."

Mwenyekiti alikitazama kijiko, akamtazama yeye, akakifuta kwenye paja la suruali yake. Ghala likacheka tena.

"Kimetakata?"

Baadaye mama mdogo aliniambia alijua kwamba akiendelea kubisha watasema ameanza kutafuta visingizio kabla ya mechi. Kijiko kikaingia kwenye udongo wake.

Matango yaliota vizuri. Kila nikitoka shule nilipitia dirishani kuyachungulia, na nilikutana na wengine wakichungulia, tukajifanya tunatafuta kivuli. Nyumbani nami nilipanda tango kwenye kopo, kwa udongo ule ule uliopikwa, mbegu ile ile. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kujua.

Siku ya kung'oa, beseni la maji liliwekwa katikati. Mwenyekiti aling'oa moja moja, akasuuza, akainua juu. Kopo la shamba la kwanza: vifundo. La pili: vifundo. Watu wakawa wanaguna kila moja likitajwa. Kopo la trekta lilikuwa baya kuliko yote, mizizi imevimba kama vidole vya mtu aliyeng'atwa na nyuki. Mtu mmoja nyuma alisema, "Duh!" Fundi alisogea mbele, akavaa miwani yake, akautazama ule mzizi muda mrefu.

Likaja kopo la mwisho. Mwenyekiti akasuuza, akainua. Mizizi ilikuwa mirefu, myeupe, imetawanyika kama nywele. Na pembeni, karibu na chini, pale kijiko kilipomwaga udongo wa kwanza, kulikuwa na vifundo vichache. Vichache. Lakini vilikuwepo.

Ghala lililipuka.

"Haya! Si hivyo hapo!"

"Imesema yenyewe!"

"Kopo la trekta mmeliona?" mama mdogo alipaza sauti. "Vifundo vyangu vimetoka kwenye kijiko! Mlikiona kijiko!"

"Nilikifuta," alisema Mwenyekiti.

"Kwa suruali uliyolimia!"

"Sasa hata suruali yangu ina minyoo?" Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. "Dada, vikiwa kwa wenzako ni ugonjwa, vikiwa kwako ni kijiko."

Nilikimbia nyumbani, nikalichukua kopo langu, nikarudi nalo nikihema. Nikaling'oa tango mbele yao, nikalisuuza kwenye beseni la maji niliyoyabadilisha mwenyewe. Mizizi ilikuwa myeupe kabisa, haina hata kifundo cha kudanganyia. Nikaiinua juu.

"Hilo limeoteshwa nyumbani kwenu," alisema Mwenyekiti. "Halina shahidi."

"Mimi ni shahidi!"

"Wewe ni mtoto wa shule. Kaa."

Sikukaa. Ila hakuna aliyenisikiliza. Waliinua mikono, wengi wakakubali kona irudi kwa chama. Fundi hakuinua mkono. Alikuwa bado ameshika mzizi wa kopo la trekta, anaugeuza.

Nimejaribu kuwaelewa watu wale. Walikuwa wamepoteza msimu, na mtu aliyepoteza anataka uso wa kuukasirikia. Trekta halina uso. Mnyoo hauna uso. Mama mdogo alikuwa nao, tena ulikuwa uso uliokuwa ukiwaambia "viatu, tafadhali" kila siku. Naelewa hayo yote. Na bado nikikumbuka paja lile la suruali damu inanichemka.

Kuhama tulihama wenyewe. Tulibeba meza, trei, lile pipa, bati. Tulipofika mwisho wa mashamba, na watu wamesimama kututazama, mama mdogo akaniambia nisimamishe toroli. Akaweka ndoo chini. Akasugua gurudumu la toroli kwa brashi, kila pembe. Akasugua sepeto, viatu vyake, viatu vyangu nikiwa nimevaa.

"Anatukung'utia vumbi letu!" alisema mama mmoja kwa sauti. "Anatulaani!"

"Simlaani mtu," alisema mama mdogo bila kuinua kichwa. "Huu udongo wenu una minyoo na mimi ninakokwenda hakuna. Nikiubeba nitakuwa mjinga kuliko wote."

Akamwaga maji yale upande wao wa mpaka, siyo upande wetu, tukaondoka.

Alianza upya nyuma ya chumba chetu, kwenye nafasi ambayo mwenye nyumba anaitumia kuanika nguo. Ni padogo. Miche inakaa hadi dirishani, ukifungua dirisha pilipili zinaingia ndani. Maji tunachota kwa jirani. Jioni baada ya kazi za shule napepea moto na kukichoma kiazi.

Kule bondeni, fundi alifanya jambo lake. Asubuhi moja alilitoa trekta nje, akachukua brashi ya waya na maji, akasugua visu hadi chuma kikang'aa. Kisha akavifuta vikauke kabisa, ndipo akavipaka oili safi. Mwenyekiti alimkuta na kumfokea mpaka watu wakatoka mashambani kusikiliza. Fundi aliendelea kufuta.

"Kutu ni ya maji yaliyoachwa," alisema. "Sikuyaacha."

Ni hayo tu aliyosema, lakini watu walivitazama visu vile vinavyong'aa, na nadhani wengi walilikumbuka kopo la trekta. Msimu uliofuata waling'oa mizizi yote yenye vifundo na kuichoma moto badala ya kuilimia chini, na vipande vilivyoathirika zaidi vikapandwa maua ya njano yenye harufu kali ambayo minyoo haiyapendi. Yote hayo mama mdogo alikuwa ameyasema vikaoni. Na ukutani mwa ghala likachorwa bango kwa rangi nyekundu: OSHA TREKTA, JEMBE NA VIATU. KWA AMRI YA MWENYEKITI.

Kwa amri ya Mwenyekiti! Nililisoma mara tatu nikidhani macho yangu yananifanyia utani. Nilifika nyumbani nikiwa siwezi hata kuvua mkoba.

"Wameosha?" mama mdogo aliuliza.

"Mama mdogo, wameandika ni amri yake!"

"Nimeuliza kama wameosha."

"Wanaosha. Lakini kona hawajaturudishia, na hakuna hata aliyekuja kusema neno, na yeye anajisifu!"

Alicheka, akaendelea kutenganisha miche, akiishika kwa jani, kamwe siyo kwa shina. Kucheka kwake kulinikasirisha kuliko bango.

Wateja walirudi, lakini walirudi kama wezi. Walipita uchochoro wa nyuma, na beseni limefunikwa kitambaa, wakaondoka na miche chini ya kitambaa wasionekane. Mama mdogo aliwauzia, akasema mche hauna kosa. Hadi alipokuja mke wa Mwenyekiti.

Alikuja asubuhi ya siku isiyo ya shule, akaosha viatu bila kuambiwa, akaweka beseni chini.

"Mwenzangu, nipe nyanya za kujaza hili. Hizi tulizotoa kwingine zimenyauka zote." Akashusha sauti. "Ila baba watoto asijue."

Mama mdogo alijaza beseni. Mke wa Mwenyekiti alipokunjua kitambaa afunike, mama mdogo akaweka mkono juu yake.

"Miche nakupa. Kitambaa utakiacha."

"Jua litaiunguza, dada."

"Jua bado changa. Na utapita njia kubwa, ya ghalani."

"Unataka nikagombane nyumbani kwangu?"

"Mimi niligombanishwa na watu wote, mbele ya mtoto wangu. Sikutafuta kitambaa cha kujifunika." Sauti yake haikupanda, lakini mikono ilikuwa imening'inia vile vile kama siku ile ghalani. Ndipo nilipojua kwamba hasira zangu zote zilikuwa mtoto mbele ya zake. "Ukitaka miche yangu, ibebe kama miche yangu. Hutaki, iache."

Yule mama aliitazama ile miche. Ilikuwa mizuri, mashina manene, majani ya kijani kizito. Mwishowe akakunja kitambaa, akanikabidhi mimi. Akajitwika beseni wazi kichwani.

Nilimfuata kwa mbali. Nisingeweza kukaa. Alipita njia kubwa, akakaribia ghala, na Mwenyekiti alikuwa amesimama pale chini ya bango lake akizungumza na watu. Fundi aliyekuwa akifuta visu aliinua kichwa.

"Shemeji!" aliita kwa sauti ya kusikika bondeni kote. "Miche ya maana hiyo! Umeitoa wapi?"

Mke wa Mwenyekiti hakusimama.

"Kwa mpishi," alisema.

Mwenyekiti alimtazama mkewe mpaka akapita, kisha akageuka, akalisoma bango lake kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine. Mama mmoja aliyekuwa na beseni lililofunikwa akalifunua. Halafu mwingine.

Nilirudi mbio, nikaingia nikihema, nikaanza kueleza kabla sijafika mlangoni: amesema kwa mpishi, mama mdogo, mbele yao wote, amesema!

Mama mdogo alinitazama miguuni.

"Umepita ghalani na viatu hivyo? Ndoo ile pale."